Kuitunza Ngozi Kabla na Baada ya Tiba ya Leza

Kabla ya kukubali tiba ya leza (miale mikali ya mwanga) ya kupunguza makovu na mikunjo ya uso, mweleze daktari wa ngozi kama umewahi kupata malengelenge ya midomoni, kwa sababu tiba hiyo huweza kuyaamsha, naye ataweza kukuandikia dawa ya kuyazuia mapema. Mwenye ngozi nyeusi aombe kwanza jaribio katika sehemu ndogo, kwani leza ya kaboni dioksidi, ambayo huondoa tabaka la juu la ngozi, huweza kuacha mabaka meusi yanayodumu kwa miezi. Baada ya tiba ngozi itavuja majimaji na kufanya magamba: ioshe taratibu, ipake mafuta ya mgando, wala usiyabandue hata yakiwasha. Ikishapona, jikinge na jua kila siku kwa krimu yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) ya 30 au zaidi, jambo ambalo, kwa maoni yangu, hupuuzwa mno.