SOMO: Kukaa na mbwa wako siku yake ya mwisho (soma yote ndo uulize)

Kila wiki lazima nikute inboksi mtu anauliza mbwa wake kazeeka hainuki tena afanyeje, leo naandika mara moja tu. Nimeshawasindikiza watatu, wa kwanza nilimkosea.

1. Mwite daktari wa mifugo aje nyumbani, bei mkubaliane mapema. Muulize kama anachoma sindano mbili, ya usingizi kwanza alafu ndo ya kumpumzisha, yaani afe bila maumivu. Akisema moja inatosha mwambie unataka mbili.

2. Panadol na diklofenaki zako usimpe, zinamharibu ini, tumbo na figo.

3. Mtandikie pale alipozoea kulala, mgeuze kila baada ya masaa machache asitoke vidonda.

4. Siku hiyo usimshibishe, dawa nyingine za usingizi zinatapisha. Kinofu kimoja anachokipenda kinatosha.

5. KAA NAYE. Hapa ndo niliharibu. Simba wangu alikuwa na miaka 13, daktari alivyofungua tu begi nikasema mimi siwezi kuangalia nikatoka nje, nikiwa getini namsikia analia, na sio kilio cha maumivu, ni ule mlio wake wa asubuhi nikifunga geti naenda kazini. Niliporudi alishalala, kichwa kimeelekea mlangoni. Mpaka leo hainitoki. Kwa hiyo wewe kaa chini kabisa, sio kwenye kiti, kichwa chake pajani kwako, mkono uwe pale anapopenda kukunwa, ongea naye kwa sauti ile ile ya kila siku. Machozi yakija yaache yatoke ila usipige makelele, atahangaika.

Na ujiandae: macho hayafumbi, yanabaki wazi. Moyo ukishasimama anaweza kuvuta pumzi kubwa moja mbili, misuli ikatetemeka, mkojo ukatoka. Hajaamka na wala haumii. Usimbebe mpaka daktari amsikilize moyo akwambie umesimama.

6. Shimo lichimbwe siku moja kabla, mita moja au zaidi, mbali na kisima. Ile dawa ya kumpumzisha, mara nyingi pentobabitali, inabaki mwilini na mnyama mwingine akimla anaweza kufa, kwa hiyo HAKUNA kutupa jalalani.

MASWALI

Kibopa_Tegeta: Ndefu sana hii. Kwa kifupi bei gani?

BabaSimba: Inategemea ulipo na uzito wa mbwa. Namba 1 ipo pale juu, isome.

Mnyalu_Halisi: Mkuu wangu tangu jana anatoa mapovu, anang'ata hata miti, sauti imebadilika. Nataka nimpakate kama ulivyosema

BabaSimba: USIMSHIKE! Huo sio uzee, hizo ni dalili za kichaa cha mbwa. Funga geti asitoke, ondoa watoto, pigia watu wa mifugo sasa hivi. Kuna aliyeng'atwa au kukwaruzwa?

Mnyalu_Halisi: Kamkwaruza mdogo wangu mguuni

BabaSimba: Muoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, alafu hospitali leo leo wamchome chanjo, hata kama ni mchubuko tu. Pole sana ndugu yangu, huyu hakuna namna ya kumpakata.

Chausiku_Tanga: Shikamoo baba Simba. Mimi Muislamu, Tomi analinda duka letu mwaka wa 9 huu, mama hataki nimguse. Nitakaaje naye?

BabaSimba: Marahaba mwanangu, umeuliza jambo zuri. Sio lazima umpakate, yeye anakujua kwa sauti na harufu. Kaa karibu na kichwa chake, mwite jina taratibu mpaka usingizi umchukue, mambo ya kumshika muachie daktari.

Sheha_Mstaafu: Naongezea hapo. Sisi Mashafii mate yake yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo, basi. Na yule wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyemchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, si alisamehewa na Mungu? Kaa naye mwanangu.

Chausiku_Tanga: Ahsanteni sana, nimelia. Kuna mwenzake mdogo, nimfungie?

BabaSimba: Usimfungie. Simba tulimzika mwenzake hajaona, akawa analala getini anamngoja siku nyingi, hali vizuri. Alipokufa wa pili, mwenzake nilimuacha aje anuse, akamzunguka mara mbili akajilaza pembeni mpaka tulipokuja kumbeba.