Jirani asiyepiga kura: anza naye mapema

Inaudhi kumsikia mtu akilalamikia mtaro wa mtaa wake mwaka mzima, halafu siku ya kura yuko kijiweni. Ila kumsema siku hiyo ni kuchelewa. Moshi na Arusha wapo wengi ambao hawakukataa kupiga kura. Walikwama kwenye uandikishaji.

Muulize kwanza: umejiandikishia wapi? Mtu anaishi Pasua au Majengo, kadi yake ya mpiga kura ni ya Rombo. Nyumbani huko huenda Desemba, uchaguzi mkuu ni Oktoba, na nauli ya safari mbili hana. Dawa ni kuhamisha taarifa zake wakati Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linaboreshwa. Zoezi lililoanza Julai 2024 lilipewa siku 7 tu kwa kila eneo, kwa hiyo mpeleke siku ya kwanza, kabla foleni haijajaa.

Kadi hiyo haitoshi kwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Huo una orodha yake, inayoandikwa upya mtaani: mwaka 2024 ilikuwa Oktoba 11 hadi 20, kura ikapigwa Novemba 27. Asiye kwenye orodha hapigi, hata awe na kadi.

Wapagazi na waongoza watalii wanahitaji kukumbushwa zaidi. Kwa njia ya Machame ya Mlima Kilimanjaro ya siku 6, anayeanza kupanda siku tatu kabla ya kura atakuwa kambi ya Barafu wenzake wakiwa kituoni. Aongee na kampuni mapema, kabla safari hazijapangwa.

Anayesema "rais ameshajulikana" usibishane naye kuhusu rais. Uchaguzi mkuu una karatasi tatu: rais, mbunge, diwani. Mweleze kwamba bajeti ya halmashauri, pamoja na ule mtaro, inapita kwa madiwani. Akikataa kwa msimamo wake, msikilize, usimlazimishe. Hela au soda usimpe kabisa. Hiyo ni rushwa.

Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na aliyekuwa kwenye mstari saa 10 anapiga. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu hawapangi foleni, jambo ambalo bibi wengi hawajaambiwa. Mwenye genge mpitie saa 12 na nusu, kabla hajapanga nyanya.