Mlangoni si nje: namna ya kuisaidia familia iondoe moshi wa sigara nyumbani

Mwongozo huu ni wa anayeingia nyumba za watu: mhudumu wa afya ya jamii, ofisa ustawi wa jamii, muuguzi anayezungukia wagonjwa, au ndugu mwenye dada aliyejifungua juzi. Unahusu nyumba ambazo tayari zimeelemewa: chumba kimoja au viwili, mzazi anayelea peke yake, mgonjwa kitandani, mlezi mwenye ulemavu, au mvutaji ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho. Kazi ni kuuhamisha moshi. Kumwachisha mtu sigara ni kazi nyingine, na ukizifunga mbili pamoja siku ya kwanza utazikosa zote.

Hotuba ya madhara iache. Karibu kila mvutaji mwenye mtoto anayajua, na ana hatua anayochukua: hufungua dirisha, huvutia jikoni, husimama mlangoni, au hungoja mtoto alale. Unachotakiwa kuonyesha ni kwa nini hatua hiyo haitoshi.

Kaa na hesabu hii kichwani. Sigara moja huacha hewani takriban miligramu 10 za chembe laini ziitwazo PM2.5, yaani zenye upana usiozidi maikromita 2.5. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 2.5, kina mita za ujazo 30. Gawanya, utapata zaidi ya maikrogramu 300 kwa kila mita ya ujazo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka wastani wa saa 24 usizidi 15. Hewa ya chumba ikibadilika mara moja kwa saa, saa moja baadaye zaidi ya theluthi ya moshi bado imo, na kufika asilimia 5 huchukua saa tatu hivi. Chumba kilichofungwa usiku huwa kizito zaidi ya hapo. Kwa hiyo anayesema “navuta akishalala” anamlaza mtoto ndani ya moshi uleule, ambao sehemu yake kubwa haionekani.

Hatua ya 1: Uliza sigara ya mwisho iliwashiwa wapi

“Mnavuta ndani?” ni swali linalojibiwa “hapana” kabla hujalimaliza. Uliza kwa mpangilio wa siku: sigara ya mwisho iliwashiwa wapi? Ile ya kwanza asubuhi je? Mvua ikinyesha? Mtoto akiamka saa nane usiku? Wageni wakija? Chora ramani ya nyumba kwenye daftari: milango, madirisha, kitanda cha mtoto, kisahani cha majivu. Kisahani kikiwa kwenye kingo ya dirisha la chumba cha kulala, huhitaji kuuliza zaidi.

Mambo mawili yaulizwe hapohapo, yasingoje ziara ya pili. Je, kuna anayetumia mashine au mtungi wa oksijeni? Kama yupo, hakuna sigara wala kiberiti ndani kuanzia siku hiyo, kwa kuwa oksijeni huifanya cheche iwe moto mkubwa kwa sekunde chache. Na mtoto mchanga analala kitanda kimoja na mvutaji? Watenganishe, hata kama mvutaji huvutia nje. Kulala hivyo huongeza hatari ya kifo cha ghafla cha kichanga.

Hatua ya 2: Pima hewa kwa siku saba

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, basi vumilia urefu wake.

Chukua kipima chembe cha leza kinachoonyesha PM2.5 kwa namba na kuhifadhi kipimo cha kila dakika. Vile vinavyowaka taa ya kijani, njano na nyekundu tu sivitaki kabisa: familia huona nyekundu, huogopa, na hakuna anayejua ilitokea saa ngapi. Vinavyotegemea intaneti ya nyumba navyo viepuke, kwa sababu bando likiisha data inakwenda nayo.

Kabla ya kukiacha, weka saa yake sawa na simu ya mwenye nyumba, kisha chomoa umeme na urudishe. Tazama kama saa imebaki. Vifaa vingi vya bei nafuu hupoteza saa umeme ukikatika, na mtu atakichomoa tu ili achaji simu. Ukirudi utakuta vilele vizuri kabisa kwenye grafu, lakini kimoja kimeandikwa saa tisa usiku ilhali sigara yenyewe ilivutwa saa mbili jioni. Siku saba zimepotea hivyo. Kifaa kikiwa cha aina hiyo, piga picha ya skrini yake pamoja na saa ya simu siku ya kuweka na siku ya kuondoa, na mwombe mwenye nyumba aandike kila mara umeme unaporudi.

Ukitumia pawabenki, ijaribu kwanza usiku mzima. Baadhi hujizima zikihisi kinachonyonya umeme ni kidogo, na kipima chembe hunyonya kidogo sana.

Mahali: chumba anachoshinda au kulala mtoto, kimo cha mita moja hivi, angalau mita mbili kutoka kwenye jiko, dirisha na kiti cha mvutaji. Kisiwe nyuma ya pazia wala kwenye kona. Kisielekezwe kwenye mvuke wa birika, maana matone ya maji huhesabiwa kama chembe; hewa yenye unyevu mwingi nayo huongeza namba. Siku ya kwanza kitoe nje kwa dakika 10 uandike kinachosoma. Nje kukiwa na 40, usitarajie ndani kuwe na 10.

Sigara haiko peke yake. Kukaanga, jiko la mkaa au kuni, dawa ya mbu ya kuwasha, udi, mshumaa na hata kufagia sakafu kavu vyote huinua namba, kwa hiyo daftari ni muhimu sawa na kifaa. Ning’iniza kalamu kwa uzi karibu nacho, na kila mtu aandike saa na herufi moja: S kwa sigara, J kwa jiko, M kwa dawa ya mbu, F kwa kufagia. Usidai maelezo marefu. Yataachwa siku ya pili. Umbo la mstari nalo husaidia. Sigara ndani hupandisha mstari wima kwa dakika chache, kisha hushuka taratibu kwa saa nzima au zaidi. Kupika huwa na meno kama msumeno. Moshi wa nje huingia polepole na kutoka polepole. Nyumba inayopikia kuni ndani ya chumba hichohicho, achana na wastani wa siku; linganisha saa za usiku, jiko likiwa limezimwa.

Jambo la mwisho kuhusu namba: leza hukisia uzito wa chembe kwa mwanga unaotawanyika, na kwa moshi wa tumbaku mara nyingi hukisia zaidi ya uhalisia. Ilinganishe nyumba na nafsi yake, kabla na baada. Usiwaambie wenyeji kwamba wamezidi kiwango mara ishirini kwa kutegemea kifaa kidogo cha mezani.

Hatua ya 3: Someni grafu pamoja

Mpe mvutaji karatasi na kalamu, atafute mwenyewe sigara zake. Nyamaza. Akifika kwenye kilele cha sigara aliyoivutia dirishani akaona ni kirefu karibu sawa na cha sebuleni, ataeleza mwenyewe. Chembe hufuata upepo, na upepo ukivuma kuelekea ndani, dirisha lililo wazi ni njia ya kuingilia.

Hatua ya 4: Sheria moja, na mpango wa nyakati zinazoivunja

Sheria iwe fupi: hakuna kinachowashwa ndani, wakati wowote, na mtu yeyote. “Isipokuwa jikoni” huwa sebuleni kabla wiki haijaisha. Shisha imo, na makaa yake huongeza gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi. Sigara za umeme zimo pia, kwani mvuke wake hubeba nikotini na chembe laini.

Nje maana yake mita tano au zaidi kutoka ukutani, mlango umefungwa nyuma yako, na hakuna dirisha wazi upande ambako upepo unaupeleka moshi. Baraza iliyozungukwa na kuta huhesabiwa ndani. Mvutaji amalize, apumue nje dakika chache kabla ya kurudi, kwa kuwa pumzi za mwanzo baada ya sigara bado zina moshi. Awe na shati au koti la kuvutia linalobaki nje, na anawe mikono kabla ya kumbeba mtoto. Kisahani cha majivu, sigara na kiberiti vihamie hukohuko, mahali pa juu watoto wasipofika; hata kishungi kilichotafunwa ni sumu kwa mtoto anayetambaa.

Kisha chukua majibu ya Hatua ya 1, na kwa kila wakati mgumu andikeni jibu moja.

Mzazi aliye peke yake na kichanga ndiye mgumu kuliko wote. Kumwambia “toka nje” ni kumwambia amwache mtoto, na hilo hatalifanya wala hapaswi kulifanya. Pangeni upya saa zake: sigara ziangukie wakati ndugu au jirani yupo, au zifuate safari ambazo angetoka hata hivyo, na saa zinazobaki zizibwe kwa nikotini isiyo na moshi, yaani chingamu ya nikotini au kiraka cha kubandika ngozini (Hatua ya 5). Usiku mtu asipoona nje ni salama, usibishane naye. Tumieni njia hiyohiyo. Mwenye kiti cha magurudumu anahitaji njia isiyo na ngazi, paa dogo la mvua na mtu wa kumfungulia mlango. Ikikosekana hata moja kati ya hizo, sheria itavunjwa na kosa halitakuwa lake.

Wageni ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, alimradi maneno yawe yameandaliwa. “Karibu sana mjomba, sigara tunavutia kule kwenye kiti, mtoto ana kifua.” Aambiwe anapopokelewa, kabla hajaketi. Kumwinua mgeni aliyekwisha washa ni aibu kwa wote wawili.

Mvutaji akiwa baba mkwe au mume asiyeambiwa neno, usimgeuze mkewe au mkwewe kuwa askari. Zungumza naye wewe, kwa heshima ya umri wake, na umpe kazi: yeye ndiye atakayetangaza sheria nyumbani mwake. Muulize mama faragha kama kuna hatari ya kupigwa au kufukuzwa. Ikiwepo, simamisha mpango wa moshi ushughulikie hilo kwanza. Wakati huohuo, mtoto ahamishiwe chumba kilicho mbali zaidi, mlango umefungwa na taulo chini yake. Huo ni unafuu tu, kwa sababu moshi hupenya.

Vipulizio vya manukato ni upotevu wa fedha. Feni huusambaza moshi. Kisafisha hewa chenye kichujio cha HEPA hupunguza chembe, lakini gesi nyingi za tumbaku hupita. Ninachokichukia ni kwamba kikishawashwa, mtu hujiona ameruhusiwa kuvutia ndani.

Hatua ya 5: Nikotini isiyo na moshi

Anayeamka na kuwasha ndani ya dakika 30 kwa kawaida huhitaji chingamu ya nikotini ya miligramu 4. Anayechelewa zaidi, ya miligramu 2. Wengi husema haifanyi kazi kwa sababu huitafuna kama peremende. Itafunwe polepole mpaka iwashe mdomoni, ibanwe kati ya shavu na ufizi mpaka muwasho uishe, itafunwe tena, kwa nusu saa hivi. Kahawa, soda na juisi ziwekwe kando dakika 15 kabla, kwani uchachu huzuia nikotini isifyonzwe. Na ianze kabla hamu haijapanda, maana hufika damuni polepole kuliko sigara. Kwa anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku, kiraka cha miligramu 21 asubuhi pamoja na chingamu kwa saa ngumu hushinda kimoja pekee. Mjamzito, au mwenye ugonjwa wa moyo, amwone mhudumu wa afya kwanza. Kiraka kilichotumika kikunjwe upande wa gundi ndani na kitupwe mbali na watoto.

Hatua ya 6: Safisha, ila baadaye

Ngojeni sheria ishike wiki mbili. Kisha fueni mapazia na foronya, osheni kuta na milango kwa maji ya sabuni, na futeni vumbi kwa kitambaa kibichi. Harufu ikirudi siku za joto, inatoka kwenye godoro na makochi, ambako nikotini hukaa kwa miezi.

Hatua ya 7: Pima tena

Chumba kilekile, mahali palepale, kifaa kilekile, siku saba. Vilele vikibaki viwili au vitatu, tafuteni saa zake. Karibu kila mara ni saa ileile, na hiyo ndiyo inayohitaji jibu jipya. Sheria yenyewe iacheni kama ilivyo.

Mstari ukipanda polepole wakati kila mtu ameandika kwamba hakuvuta, mshuku jirani kabla ya kumshuku mwenyeji. Pitisha mkono uliolowa maji kwenye nafasi za chini ya mlango, pembeni mwa mabomba na kwenye matundu ya nyaya. Baridi itakuonyesha panapoingia hewa. Ziba kwa utepe wa sponji na silikoni. Tundu la kupitishia hewa la jiko la gesi au mkaa usilizibe kamwe.