Jinsi ya kujinasua kwenye mkataba wa wiki za likizo

Mkataba wa wiki za likizo (timeshare) ni ule unaonunua haki ya kukaa kwenye hoteli ya mapumziko wiki fulani kila mwaka. Bei ya kununua wiki yako ina mwisho. Ada ya matunzo haina. Inakuja kila mwaka, uende usiende, na mara nyingi inapanda.

Kama umesaini juzi tu, shughulikia jambo hili leo hii. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hukupa siku 14 za kughairi bila kueleza sababu. Marekani hutegemea jimbo: Florida siku 10, California 7, Nevada 5. Usipige simu, andika barua: "Naghairi mkataba namba fulani niliosaini tarehe fulani. Naomba nirudishiwe fedha zangu zote." Basi, inatosha. Wote waliosaini mkataba waweke sahihi, barua iende kwa rejesta kwenye anwani iliyotajwa mkatabani, na risiti ya posta uitunze. Shangazi yangu aliambiwa kwa simu, "Usijali mama, tumeshaufuta." Ankara ya ada ikamfikia mwaka uliofuata kama kawaida, naye hakuwa na karatasi hata moja ya kuwaonyesha.

Siku hizo zikishapita, anza na kampuni yenyewe iliyokuuzia. Uliza kama wanapokea umiliki unaorudishwa. Kampuni kadhaa kubwa zina utaratibu huo, ila kwa kawaida hutaka mkopo ulionunulia wiki uwe umelipwa wote na ada isiwe na deni. Usitegemee kurudishiwa fedha. Unachotafuta ni kutoka, na kutoka kwenye maandishi. Kama ulipewa hati ya umiliki, dai nakala ya hati mpya iliyosajiliwa. Bila hiyo, kwenye vitabu vya serikali wewe bado ndiwe mwenye mali.

Kuuza kunawezekana, lakini wiki nyingi huenda kwa bei ya kutupa, nyingine hugawiwa bure. Dalali mkweli huchukua chake baada ya kuuza.

Hapo ndipo ninapokuomba uwe macho kuliko popote. Atakupigia mtu usiyemjua: ana mnunuzi tayari, wewe utangulize tu "kodi" au "gharama za wakili". Mwingine atakuahidi kukutoa mkatabani kwa ada nono ya mapema, na akushauri uache kulipa. Usimtumie hata senti. Ukiacha kulipa, deni linakua, rekodi yako ya mikopo inaharibika, na kampuni inaweza kukushtaki.

Kwa mkataba wa Hispania, mpelekee wakili wa huko. Sheria iliyoanza Januari 1999 iliweka kikomo cha miaka 50 kwa mikataba hii, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilibatilisha mkataba uliosainiwa baada ya hapo bila kikomo cha muda.

Ukirithi wiki ya marehemu, usiitumie wala usilipe chochote kabla ya kumwona wakili. Sheria za nchi nyingi humruhusu mrithi kukataa urithi, mradi aseme mapema na kwa maandishi.