Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Likizo ya New Zealand

Msafiri anayeishi Uingereza na kukusudia kwenda New Zealand likizo ya Desemba aanze na pasipoti, si tiketi. Mwenye pasipoti ya Uingereza haombi viza ya matembezi bali kibali cha kielektroniki kiitwacho NZeTA, ambacho huweza kuchukua hadi saa 72; lakini mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania, hata awe na ukaazi wa kudumu London, hana budi kuomba viza kamili mapema. Wapo wanaodhani ukaazi huo utawavusha, hauwavushi. Atakayebadilisha ndege Marekani ahakikishe pia ana ruhusa ya nchi hiyo, ijapokuwa hatatoka nje ya uwanja.

Desemba hadi Februari ndiyo kiangazi cha huko, na wenyeji nao huwa likizoni, kwa hiyo malazi na magari ya kukodi, hasa Queenstown, yalipiwe miezi kadhaa kabla. Saa za Auckland msimu huo huitangulia London kwa 13, na kwa kuwa hakuna ndege ya moja kwa moja, anayeondoka Ijumaa usiku kwa kawaida hushuka Jumapili. Binafsi naona afadhali kulala mjini usiku wa kwanza kuliko kushika usukani saa tisa alasiri, wakati mwili unajua kuwa ni saa nane za usiku.

Linalowaponza wengi, hata hivyo, ni sanduku. New Zealand ni visiwa vinavyotegemea sana kilimo na ufugaji, nayo huogopa wadudu na magonjwa ya mimea na mifugo kuliko inavyoogopa mgeni mwenyewe. Kila chakula sharti kitajwe kwenye tamko la msafiri, ambalo hujazwa bure mtandaoni: dagaa, achari, pilipili ya kusaga, hata tofaa uliloligawiwa kwenye ndege ukalisahau mkobani. Asali iachwe nyumbani. Anayetaja kitu hana kosa, kwani afisa atakitazama akirudishe au akichukue. Anayenyamaza hutozwa faini ya dola 400 za huko papo hapo. Viatu vya kupandia milima navyo visuguliwe kwa brashi hadi ndani ya mifereji ya soli, na vigingi vya hema vifutwe, maana tope lililokauka pia huhesabiwa.

Dawa zibaki katika vifungashio vyake pamoja na cheti cha daktari, zisizidi za miezi mitatu. Plagi za huko zina meno bapa yaliyoinama, hivyo adapta ni lazima. Mionzi ya jua ni mikali kuliko ya Uingereza hata mawingu yakitanda, kwa hiyo kofia na losheni ya jua viwe karibu. Na anayependa chumba chenye mwanga aombe kinachoelekea kaskazini, kwa kuwa huko jua la adhuhuri hupita upande huo.