Jua kwanza unafikirije kazini, ndo umlaumu mwenzio

Jibu hili bila kalamu. Mayungiyungi yanaota ziwani, kila siku yanaongezeka mara mbili, siku ya 48 yamefunika ziwa zima. Nusu ya ziwa ilifunikwa siku ya ngapi? Kama kichwa kimekimbilia 24, pole, ni 47, maana kesho yake nusu inakuwa ziwa zima. Swali hili limo kwenye jaribio la maswali matatu la mtafiti Shane Frederick, 2005, na hata wanafunzi wa MIT, chuo kikuu maarufu cha Marekani, zaidi ya nusu walikosa angalau moja, kwa hiyo usijione mjinga, ni vile jibu la kwanza linakuja tamu mno mpaka mtu halikagui.

Sasa hamia kazini. Wiki nzima, kila ukipewa kazi andika pembeni kitu cha kwanza ulichofanya, sio ulichowaza. Bosi kakutumia meseji "nataka ripoti ya wateja" basi. Ulianza kubuni ya kwako? Uliuliza "fomati ipi?" Au ulifukua ya mwaka jana ukaanza kuitoa kasoro? Mwanasaikolojia Robert Sternberg alifananisha mitindo hii ya kufikiri na serikali: kuna kutunga (yaani kubuni), kutekeleza na kuhukumu. Wote tunazo tatu ila kuna moja tunaipenda, na kupenda sio kuweza, hapo ndo watu wanachanganya, unakuta mtu anapenda kubuni balaa halafu anachobuni hakijengeki. (Zile kwizi za kukuambia unatumia ubongo wa kushoto au wa kulia achana nazo.)

Ukishajijua, rekebisha sehemu moja tu. Mimi ni wa kuhukumu, kwenye vikao nilikuwa naua wazo la mtu kabla hajamaliza sentensi, najiona makini kumbe watu wameacha kuongea nikiwepo. Siku hizi naandika maswali kwenye daftari, nauliza akishamaliza, na nusu yake nakuta keshayajibu mwenyewe.

Wewe wa haraka, uliyekimbilia 24, barua pepe yenye namba au hasira usiitume papo hapo, nenda kanywe maji kwanza, ukirudi isome kuanzia chini. Ukiwa umechoka ndo kabisa.

Na ukimpa mwenzio kazi mpe kwa mtindo wake. Wa kutekeleza mtumie mfano uliokamilika na tarehe, wa kubuni mwambie tatizo ni nini halafu nyamaza, ila mwambie kabisa lini utapita kuangalia maana yule ukimwacha hivi hivi anaanza upya kila Jumatatu.