SOMO: Kupata umbali na muda wa kuruka kati ya viwanja viwili vya ndege vilivyo mbali

Wakuu, kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi hakukupi muda wa safari ndefu. Tuchukue Tokyo Haneda (HND) na Los Angeles (LAX), tupige hesabu pamoja.

Hatua ya 1: Tafuta latitudo na longitudo za viwanja vyenyewe, siyo za miji. Haneda ni nyuzi 35.55 kaskazini, 139.78 mashariki. LAX ni 33.94 kaskazini, 118.41 magharibi.

Hatua ya 2: Umbali. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu wanapima kwa rula kwenye ramani bapa. Viwanja hivi viko karibu latitudo moja, na ukiambaa nayo kuvuka Pasifiki utapata kama kilomita 9,300. Sasa chukua tufe la dunia, vuta uzi kati ya viwanja hivyo mpaka ukaze. Uzi utapanda kaskazini hadi karibu nyuzi 48, kisha utashuka. Hiyo ndiyo njia fupi.

Kwa kikokotoo: zidisha sini za latitudo zote mbili. Pembeni, zidisha kosini zake, kisha zidisha na kosini ya tofauti ya longitudo (hapa 101.81, maana tunavuka mstari wa nyuzi 180). Jumlisha majibu hayo mawili, unapata 0.186. Pembe yenye kosini hiyo ni nyuzi 79.3, kila nyuzi ni kilomita 111.2, kwa hiyo umbali ni kilomita 8,800 hivi.

Hatua ya 3: Muda. Gawanya kwa 900, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa kwa saa, halafu ongeza kama nusu saa ya kupaa na kutua. Inakuja saa 10 na dakika chache.

Usiishie hapo. Huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa majira ya baridi. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukiwa mgongoni, njia yenyewe ni chini ya saa 9. Ukiwa usoni, ni saa 11.

MASWALI

Swali: Mkuu, mbona tiketi ya Januari inaonyesha naondoka Tokyo Jumatatu 17:00 na nafika Jumatatu hiyo hiyo 10:00?

Jibu: Iko sahihi. Januari Tokyo iko mbele kwa saa 17, kwa hiyo unapoondoka, Los Angeles ndiyo kwanza saa sita usiku, Jumatatu inaanza. Ongeza saa 10 za safari. Majira ya joto tofauti ni saa 16, kwa sababu Marekani husogeza saa na Japani haisogezi.

Swali: Programu yangu inasema umbali ni 4,760, wewe unasema 8,800. Nani mkweli?

Jibu: Sote wawili, ndugu. Hizo ni maili za baharini. Zidisha kwa 1.852.

Swali: Kwa hiyo rubani anafuata uzi ule ule?

Jibu: Si lazima. Akielekea mashariki anaweza kurefusha njia ili aupate upepo wa mgongoni, na bado akafika mapema.